Anayedai gharama zake amekataa kusamehe? Swali kutoka Masasi kwa Waislamu na Wakristo

Mwana wa Chikundi (muulizaji)

Wakubwa shikamooni, na rika langu nawasalimu. Ninaomba msaada wa wenye elimu ya dini, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu ajali ya barabarani imetugeukia kuwa ugomvi wa vitabu vitakatifu. Mtoto wa marehemu dada yetu, kijana wa miaka 22, aligongwa na bodaboda jioni akitoka shambani, akavunjika mguu chini ya goti, na hadi leo amefungwa hogo. Dereva alikuwa anakwenda kasi bila taa, jambo ambalo mwenyewe hakulikana. Sisi ni Wamakua, na kwetu mwenye kauli juu ya mtoto wa dada ni mjomba. Wajomba tuko wawili, tumbo moja: kaka yangu, ambaye ni Mwislamu kama alivyo kijana mwenyewe, na mimi niliyebatizwa nikiwa shuleni.

Familia ya dereva ni Wakristo. Walipokuja kikaoni, kaka alitaja mambo mawili tu, yaani gharama za matibabu na fidia ya msimu wa kupulizia mikorosho, kwa kuwa kijana alikuwa ameshakubaliana na wenye mashamba na sasa kazi ile wamepewa wengine. Mzee wa upande wa pili akajibu, kwa upole kabisa, kwamba dini ya kaka ni ya jicho kwa jicho, lakini wao wamefundishwa kugeuza shavu la pili, kwa hiyo wanaomba tusameheane yaishe. Kaka akapandwa na hasira. Alisema Wakristo huukumbuka msamaha pale wanapodaiwa, lakini wao wakiibiwa hata kuku mmoja utawakuta kituo cha polisi kabla hakujapambazuka. Kikao kikavunjika hapo. Wakati wa kuagana yule mzee alinivuta kando, akaniomba nimtulize kaka yangu "kwa kuwa wewe ni mwenzetu", na neno hilo limeniuma kuliko yote yaliyosemwa.

Ninauliza: Je, ni kweli Uislamu unaamuru kulipiza kisasi na Ukristo unamkataza mtu kudai haki yake? Na anayedai gharama zake, ndiyo kusema amekataa kusamehe? Naomba tujibu kwa maandiko, tusirushiane maneno.

---

Ustaadh wa Lindi

Assalaam alaykum, na amani iwe kwa wote wasio wa dini yangu. Ndugu muulizaji, nianze kwa kusema kwamba kisasi hakihusiki kabisa na ajali ya kijana wenu, na mtu yeyote aliyekitaja katika kikao hicho, awe wa upande gani, ametaja jambo lisilokuwapo. Wanazuoni wa madhehebu zote wamekubaliana kwamba hapana kisasi katika kosa lisilokusudiwa. Hata pale mtu anapovunja mguu wa mwenzake kwa makusudi, wanazuoni wetu wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa na wengi huku pwani, hawapitishi kisasi cha mfupa, kwa sababu haiwezekani kuvunja mfupa mwingine kwa kipimo kilekile bila kuzidisha. Kinachobaki ni malipo, na malipo hayo hukadiriwa kwa kuangalia madhara.

Kuhusu jicho kwa jicho, aya ya 45 ya Suratul Maida inaeleza kwamba hukumu hiyo waliandikiwa Wana wa Israili katika Taurati, kisha papo hapo, katika aya hiyohiyo, inasema kwamba atakayesamehe, msamaha huo utakuwa kafara ya madhambi yake. Kwa hiyo yule mzee alipotuambia kwamba jicho kwa jicho ni letu, alikuwa anatukabidhi mzigo ambao na yeye anao katika Biblia yake, katika kitabu cha Kutoka. Simlaumu sana, kwa maana na sisi tunao wahadhiri wanaoisoma nusu ya kwanza ya aya kwa sauti kubwa na ya pili wakiwa tayari wanafunga msahafu.

Kurani inampa aliyedhulumiwa haki, kisha inamwonyesha lililo bora kuliko haki hiyo. Suratun Nahl aya ya 126 inasema mkilipiza basi lipizeni sawa na mlivyotendewa, na mkisubiri, hilo ni bora kwa wenye kusubiri. Wafasiri wengi wanaihusisha aya hii na vita vya Uhud vya mwaka 625, ambapo Hamza, ami yake Mtume, rehema na amani zimfikie, aliuawa na mwili wake kukatwakatwa. Mtume alipouona mwili ule aliapa kuwafanyia maadui mfano wake kwa watu wengi, ndipo aya ikashuka, naye akasubiri. Miaka mitano baadaye aliingia Makka akiwa mshindi, na Wahshi, yule aliyemchoma Hamza mkuki, alisilimu, akaachwa hai.

Pamoja na hayo, kusamehe ni hiari ya mwenye haki. Dhambi iliyo baina ya mtu na Mola wake hufutwa kwa toba, lakini haki ya mwanadamu mwenzako haifutiki kwa toba peke yake, mpaka umrudishie au akusamehe mwenyewe. Iko hadithi katika Sahihi Muslim juu ya muflisi, yaani mtu anayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akampiga yule, akala mali ya mwingine, basi mema yake yanagawiwa aliowadhulumu mpaka yanakwisha, kisha anabebeshwa madhambi yao. Kwa hiyo kaka yako alipotaja gharama za matibabu hakuwa anatafuta kisasi. Alikuwa anamfungulia dereva njia ya kujivua deni.

---

Katekista mstaafu, Nyangao

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa Ustaadh, waalaykum salaam. Nimefundisha dini vijijini kwa miaka mingi, na ninakiri kwamba andiko la shavu la pili ndilo linalotumiwa vibaya kuliko mengi, hasa likiwa kinywani mwa mtu mwenye deni. Bwana alisema maneno yale, Mathayo 5 aya ya 38 na 39, akimwambia aliyepigwa. Hakumpa aliyepiga ili akamsomee aliyepigwa. Kwa aliyekosa lipo andiko lake, tena katika sura hiyohiyo, aya ya 23 na 24: ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni, na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye. Mwenye kufunga safari hapo ni mkosaji. Yule mzee angefungua ukurasa mmoja tu nyuma, au angeusoma ule aliokuwa ameufungua, angejua kwamba zamu ya kusema habari ya msamaha haikuwa yake.

Ustaadh amekitaja kitabu cha Kutoka, nami nakubali kwamba sura ya 21 ndimo ilimo sheria ya jicho kwa jicho. Watu huiona ni sheria ya ukatili, lakini kabla yake, katika Mwanzo 4, yupo Lameki anayejisifu kwa wake zake kwamba amemuua mtu kwa sababu mtu huyo alimjeruhi, na kwamba yeye atalipiwa kisasi mara sabini na saba. Jicho moja kwa jicho moja lilikuja kumzuia Lameki. Petro naye alipomwuliza Yesu kama asamehe hata mara saba, akajibiwa saba mara sabini, naamini wasikilizaji waliokuwa wanaijua Torati walimsikia Lameki akigeuzwa kichwa chini miguu juu. Yesu mwenyewe alisema hakuja kuitangua torati bali kuitimiliza.

Sasa, kwa habari ya mguu wa kijana wenu, someni sura hiyohiyo ya 21 ya Kutoka, aya ya 18 na 19. Mtu akimpiga mwenzake, asife lakini akalazwa kitandani, basi aliyempiga atamlipa kwa ajili ya kupotewa na wakati wake, naye atamuuguza hata apone kabisa. Matibabu, na wakati uliopotea. Ndugu yangu, hayo ndiyo mambo mawili aliyoyataja kaka yako Mwislamu, na sidhani kama alikuwa ameifungua Biblia kabla ya kuja kikaoni!

Kwa sisi Wakatoliki jambo hili limeandikwa waziwazi katika Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1459, kwamba anayetubu lazima afanye awezavyo kurekebisha madhara aliyomtendea jirani, kwa mfano kurudisha vilivyoibiwa na kulipa fidia kwa aliyejeruhiwa. Padre akikuondolea dhambi hajakuondolea deni la hospitali. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, naye hakuambiwa na mtu alipe, alisimama mwenyewe akasema atarudisha mara nne.

Msamaha na adhabu pia vinaweza kukaa pamoja. Tarehe 13 Mei 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro na Mehmet Ali Ağca. Siku chache baadaye alitangaza kwamba amemsamehe, na mwezi Desemba 1983 alimfuata gerezani wakaketi wawili wakizungumza. Ağca hata hivyo alibaki gerezani Italia mpaka mwaka 2000, alipopewa msamaha na serikali, na hakuna aliyesema kwamba Papa alikuwa mnafiki kwa kuwa mlango wa gereza haukufunguliwa siku aliyosamehe.

---

Mdadisi wa Kilwa Masoko

Nimewasoma wote wawili kwa heshima, lakini naona mnajibu kana kwamba watu wanaishi ndani ya vitabu. Mimi naangalia matendo. Kama kisasi katika Uislamu ni ukomo tu na kusamehe ndiko bora, mbona Irani watu wananyongwa kwa jina la sheria hiyo? Na kama Ukristo ni dini ya shavu la pili, waliowachomea babu zetu mashamba na maghala wakati wa Maji Maji, mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, walikuwa wa dini gani? Askofu mmoja aliuawa Liwale, na nchi nzima ikalipa. Huyo Lameki wa Katekista naona alivuka bahari akaja na meli ya Wajerumani.

---

Katekista mstaafu, Nyangao

Ndugu Mdadisi, swali lako ni la haki, na mimi ninayeishi Nyangao siwezi kulikimbia, kwa sababu misheni yetu ilikuwa mojawapo ya zilizoteketezwa mwaka 1905. Askofu unayemsema ni Cassian Spiss, mtawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto, aliyeuawa Agosti mwaka huo pamoja na mabruda wawili na masista wawili wakiwa safarini katika nchi ya Liwale. Serikali ya Kijerumani haikuchoma mashamba kwa ajili yake peke yake, ilichoma ili kulivunja vuguvugu zima, lakini ni kweli kwamba waliofanya hivyo walibatizwa, na kwamba wamisionari waliorudi na kuanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906 walirudi katika nchi iliyonyamazishwa na njaa hiyo. Andiko la Warumi 12:19, linalosema kisasi ni cha Bwana, walikuwa nalo. Sitawatetea. Ninachokataa ni kwamba tendo lao liwe tafsiri ya Mathayo 5, kama ninavyokataa mhadhiri mkali awe tafsiri ya Kurani.

---

Ustaadh wa Lindi

Kuhusu Irani nitasema kwa ufupi, nikikumbusha kwamba wao ni Mashia na sheria zao zina mambo yake ambayo mimi si msemaji wake. Katika kesi za mauaji ya makusudi huko, familia ya marehemu ndiyo yenye uamuzi wa kutaka kisasi, kupokea dia, yaani fidia ya damu, au kusamehe bure. Mwaka 2014, katika mji wa Noshahr, kijana aliyemuua mwenzake kwa kisu katika ugomvi wa mtaani alikuwa ameshasimamishwa juu ya kiti, amefungwa macho, kitanzi kiko shingoni. Mama wa marehemu akapanda, akamzaba kofi moja, kisha yeye na mumewe wakamvua kitanzi kile. Picha zake zilienea dunia nzima. Sitaji jambo hili kuwapamba watawala wa nchi yoyote, maana wapo wengi ambao hawakuvuliwa. Nalitaja kwa sababu mama yule alikuwa na haki kamili mkononi, ndiyo maana msamaha wake ulikuwa na uzito. Msamaha wa mtu ambaye hakuachiwa njia nyingine ila kusamehe, huo hautofautiani sana na kunyang'anywa.

Nina neno moja zaidi kwa muulizaji. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, dia ya kosa lisilokusudiwa haimwangukii mkosaji peke yake, hubebwa na jamaa zake wa upande wa baba. Huku kwetu kusini, kwa Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera, mambo hayo yamekuwa ya wajomba, na sioni ubaya familia ya dereva ikichangiana kwa utaratibu wao. Kijana wa bodaboda anayerejesha hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni hawezi kulipa peke yake bila kuvunjika.

---

Mzee wa baraza, Newala

Nimekaa miaka katika Mahakama ya Mwanzo nikiwa mzee wa baraza, na ninaona wote mmeruka jambo moja. Nchi hii haihukumu ajali kwa Kurani wala kwa Biblia. Kosa la kuendesha kwa uzembe ni la Jamhuri dhidi ya dereva, na aliyeumizwa ni shahidi. Akisema amesamehe, mahakama inaweza kulizingatia katika adhabu, lakini faili halifutiki kwa sababu wazee wamepeana mikono. Wala tusione kwamba mapatano ni kinyume cha sheria, kwa maana Katiba yetu, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine, na pia zikuze usuluhishi. Fidia na usuluhishi vimewekwa katika ibara moja.

Kisha mnagombana juu ya mfuko wa dereva wakati hamjauliza kuhusu bima. Kila pikipiki ya barabarani inatakiwa kuwa na bima, walau hiyo tunayoiita bima ndogo, ambayo kazi yake ni kumlipa mtu wa nje aliyeumizwa. Je, ajali iliripotiwa? PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ilichukuliwa? Mara nyingi kwetu watu "wanayamaliza nyumbani" kwa jina la dini na undugu, bima inaachwa imelala, na anayebaki na magongo ya kutembelea ni yule kijana.

Na swali langu la mwisho, ambalo ningeliuliza la kwanza kama ningekuwa kwenye kikao chenu: kijana ana miaka 22. Kaka yako amesema, mzee wa upande wa pili amesema, wewe umevutwa kando ukaambiwa. Yeye mwenyewe amesema nini?

---

Mwana wa Chikundi (muulizaji)

Nawashukuru sana wote. Mzee wa baraza, ajali iliripotiwa siku ileile na PF3 tunayo, maana hospitali waliidai kabla ya kumpiga picha mguu. Suala la bima hatukulifikiria hata kidogo. Nimempigia mwenye pikipiki, akajibu kwamba ipo na haijaisha muda, nami nimemwomba atume nakala.

Kuhusu kijana, swali lako limetukuta, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amelazwa chumba cha pili akitusikia tukipandishiana sauti. Nilipokwenda kumuuliza jana alisema kwamba maumivu ameshamsamehe dereva, kwa kuwa hakumgonga kwa kutaka, lakini fedha za kupulizia hawezi kuzisamehe, kwani alikwisha kukopa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, kwa kutegemea msimu huo na mkopeshaji hatamsamehe yeye. Nikamsomea kaka aya ya Kutoka aliyoitaja Katekista. Alinyamaza kidogo, halafu akasema nimpe Biblia aione kwa macho yake, akaisoma mara mbili. Sasa anataka kikao kirudiwe, na ameahidi kwamba habari za kuku na polisi hatazirudia. Nami nitamfuata yule mzee kabla ya kikao, nimwonyeshe Mathayo 5:23, na nimweleze pia kwamba kwa jambo hili mimi ni mjomba wa majeruhi, sina upande mwingine.

Swali langu moja limebaki. Je, mimi na kaka tukiona ni vema kusamehe sehemu ya fedha ili ujirani usivunjike, tunaweza kufanya hivyo kwa niaba ya kijana?

---

Ustaadh wa Lindi

Hamwezi. Amebaleghe, ana akili timamu, haki ni yake. Mnaweza kumshauri, na ninyi mkipenda mnaweza kumlipia salfa kutoka mifukoni mwenu, hiyo itakuwa sadaka yenu. Kuisamehe haki yake ni juu yake yeye.

---

Katekista mstaafu, Nyangao

Nami nasema vivyo hivyo, sina la kuongeza ila kwamba dereva mwenyewe aje kikaoni. Mpaka sasa naona tumesikia habari za mzee wake tu.

---

Mzee wa baraza, Newala

Mkifikia mwafaka, andikeni mbele ya mtendaji wa kijiji: kiasi gani, kinalipwa lini, na nani, kijana atie saini kwa mkono wake. Msikubali karatasi inayosema "hana madai yoyote" hogo likiwa bado mguuni, kwa sababu mfupa ukiunga vibaya na daktari akataka kuupasua upya, kampuni ya bima itaileta karatasi hiyohiyo mezani. Neno "tumesameheana" wekeni mkitaka, lakini liwe sentensi yake peke yake, lisichanganywe na hesabu.